Bendera ya Zisu na Wifi Wawili Wasiosemezana

Mama mkwe wangu Sirma hana meno ya mbele, lakini bado anauma. Namwambia hivyo usoni naye hucheka, maana tumekaa nyumba moja tangu nilipoolewa na mwanawe, hatuna jipya la kufichana. Asubuhi anakanda unga, mchana anawasema majirani, jioni anasokota sufu huku akiwasema wale waliosahaulika mchana. Sisi Waaromani wa Dobrogea, huku pwani ya Romania, tumebaki wachache, na yeye anajiona ndiye aliyeachiwa funguo. Ukimjibu kwa Kiromania anakuwa kiziwi mpaka urudie kwa lugha yetu. Ukinunua pai dukani badala ya kuisukuma mwenyewe, basi umelimaliza kabila zima peke yako.

Sasa mwanangu Zisu akatuletea mchumba, Ilinca, Mromania wa mjini Constanța, msichana mchangamfu anayetengeneza watu nywele saluni. Sirma akamkagua kama anayenunua kondoo, almanusura amfunue mdomo.

"Mzuri," akasema. "Hajui kitu, lakini mzuri. Bendera tutashona Alhamisi, na itaimbiwa."

Hapo kitumbua kikaingia mchanga. Kwetu bwana harusi hatoki kwao bila bendera: kitambaa chekundu na cheupe kwenye mti wenye msalaba, kila ncha imechomekwa tofaa. Wanawake wanaposhona huimba wimbo wake, na wimbo huo haukubali mtu mmoja. Wa kwanza anauanzisha, wa pili anaupokea juu, karibu amkatize mwenzake, na sisi wengine wote tunashikilia "eeee" moja chini mpaka masikio yavume. Mwanzishaji ni Sirma. Mpokeaji, kijiji kizima, amebaki mmoja tu: shangazi Chirața, dada wa marehemu baba mkwe wangu, anayekaa ng'ambo ya ukuta wetu wa mawe. Na hao wifi wawili hawajasemezana tangu Chirața alipomwoza mwanawe.

Siku hiyo Chirața alinunua bendera mjini, imeshashonwa, ina matofaa ya plastiki. Sirma akayang'oa mbele ya wageni, akaling'ata moja ili watu waone halina hata maji. Jino likabaki humo. Chirața akacheka. Kosa kubwa lilikuwa lipi, kung'oa au kucheka, sisi hatuulizi. Tukitaka amani tunazungumzia mvua.

"Mama, nenda kamwombe," nikamwambia.

"Nani, mimi? Thubutu! Nikamwangukie mwanamke wa plastiki?"

"Basi Zisu ataoa bila wimbo."

Akaiweka sufu chini. Sirma kuacha kusokota si kitu cha kawaida, nikaacha vyombo nikamgeukia.

"Baba mkwe wangu mimi aliimbiwa melini walipohamia huku," akasema. "Walishonea bendera juu ya magunia, watu wanatapika huku na huku, na bado wakaimba. Mume wangu aliimbiwa. Mumeo aliimbiwa. Zisu akitoka mlango huu kimya kama anakwenda posta, Lenca, basi tumekwisha."

Akajifuta macho kwa pindo la kilemba. Roho iliniuma, siwezi kusema uongo.

Zisu ndiye aliyejifanya mwokozi. Kulikuwa na kanda ya zamani ambamo mtu wa redio aliwarekodi wifi hao, kila mmoja peke yake, enzi za nguvu zao, naye akahamishia sauti ya Chirața kwenye simu. "Bibi, tatizo liko wapi? Wewe utaanzisha, simu itapokea."

Wakaanza mazoezi jikoni, simu imeegemezwa kwenye bakuli la jibini. Wapi! Sirma wa leo anaimba polepole, pumzi fupi. Chirața wa kwenye simu hamsubiri mtu. Huyu hajafika katikati ya mstari, yule ameshapaa.

"Ngoja, we kichwa cha kondoo!" Sirma akaifokea simu kwa lugha yetu. "Maisha yake yote ananikatiza, hata ndani ya simu ananikatiza!"

Wakarudia. Walipofika palepale akafoka vilevile: "Ngoja, we kichwa cha kondoo!" Ikawa hivyo kila siku. Ilinca alikuwa anakuja akitoka kazini, anakaa karibu na jiko kumenya vitunguu saumu, midomo inachezacheza. Mimi nilidhani anamwomba Mungu amwepushe na ukoo huu.

Alhamisi wanawake wakajaa sebuleni, madirisha wazi, kitambaa mezani. Sirma akashika sindano, Zisu akafungulia simu hadi mwisho. Sauti ya Chirața ikaruka ukuta ikamkuta mwenyewe uani kwake. Haikuchukua muda, mlango ukafunguka bila hodi. Chirața huyo, aproni imejaa unga.

"Lenca," akaniambia mimi, "mwambie mama mkwe wako hiyo sauti ni yangu. Nani kamruhusu kuniimbisha?"

"Lenca," Sirma akasema bila kuinua macho, "mwambie huyo mwanamke, kama sauti ni yake, aje aitumie."

Jamani, mimi nimekuwa waya wa simu? Nikamnyang'anya Zisu ile simu nikaizima. Kisha Sirma akaanzisha, chini, taratibu, na sisi tukaingia na "eeee" yetu. Chirața akasimama pale mlangoni kama anayetaka kuondoka. Akapokea. Mwili ulinisisimka! Lakini alipopanda juu sauti ikakatika. Akakohoa, akajaribu tena, haikutoka. Akajishika koo.

"Haipo," akasema. "Imekwenda."

Sijawahi kumwona mwanamke yule akiona haya, na sikupenda kumwona. Sindano ya Sirma ilisimama. Sisi tuliendelea na "eeee" kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

Mara kule kwenye mlango wa jikoni Ilinca akapokea. Sauti safi, juu kabisa, mahali palepale anapopita Chirața. Na alipofika pale penyewe, akafumba macho akaimba kwa unyenyekevu wote: "Ngojaaa, we kichwa cha kondooo," halafu akaendelea na wimbo.

"Eeee" ikafa. Ilinca akafumbua macho, akawa mwekundu.

"Nimekosea? Maneno siyajui, lakini mbona bibi anaimba hivyo kila siku?"

Chirața akageuka polepole. Akamtazama Sirma, wala si mimi.

"Kichwa cha kondoo ni nani?"

"Wewe," Sirma akasema. "Kuna mwingine?"

Chirața akaketi akiangua kicheko. Sirma naye akacheka mpaka akajidunga kidole, wakawa wameshikana mabega, wanalia, hata hujui machozi ya nini. Hatimaye Chirața akamvuta Ilinca akamkalisha katikati yao.

"Tena, mtoto. Na huko juu usimkimbize, bibi yako pumzi hana."

"Pumzi ninayo!"

"Unayo ya kutukania tu."

Wakamfundisha jioni nzima, wakigombana kila neno, na bendera ikaisha.

Jumapili tukaenda Constanța kumchukua bibi harusi. Kwao ni ghorofani. Tukasimama uwanjani chini, bendera juu, majirani wametoka kwenye vibaraza na vikombe vyao vya kahawa. Sirma akaanzisha. Chirața akafungua kinywa, pakatoka upepo mtupu, akainamisha kichwa. Nikawaza, basi, tumeaibika, tena mjini.

Dirisha la juu likafunguka. Ilinca, shela kichwani, nusu ya nywele bado ina pini, akapokea.

Kwetu bibi harusi anatakiwa atulie ndani, macho chini, mpaka aitwe. Kumsikia akiimba dirishani, wimbo wa bendera ya mumewe, lo, hata marehemu wangeinuka makaburini.

"Mama," nikamnong'oneza Sirma, "huyu hatakiwi kuimba leo. Ni mwiko."

Sirma alikuwa anatazama juu, machozi yanamwingia mdomoni, na mkono wa Chirața ameukumbatia kwapani.

"Nyamaza, Lenca," akasema. "Shikilia 'eeee' yako."