Siku Baba Alipoketi Darasani

Harufu ya uji wa mahindi uliokuwa ukiungulia chini ya sufuria, ukipikwa kwa kuni mbichi nyuma ya darasa la awali, ndiyo iliyonipokea kijijini Usevya. Kabla ya hapo nilizoea harufu ya ng'ombe, nayo ilihama pamoja nasi. Sisi ni Wasukuma, tulishuka kutoka kaskazini tukifuata majani, na baba yangu, Mzee Masunga, hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikula amechuchumaa, macho yakiwa mbali, kama aliyesikia mvua ya nchi nyingine ikimwita. Mimi Kabula, kitinda mimba wake, niliambukizwa wasiwasi huo. Kila jioni nilichungulia kama mama ameanza kufunga vyombo, maana kwetu safari haikutangazwa kwa watoto; uliamka tu ukakuta masufuria yamo kwenye mkokoteni.

Mwaka huo mama alishikilia kwamba lazima niandikishwe shule. Watoto wa Kipimbwe, ambao wazazi wao walilima mpunga pale tangu zamani, walikuwa na Kiswahili cha kuchezea. Mimi nilikuwa na Kisukuma peke yake. Nilikaa kwenye mkeka wiki baada ya wiki bila kutoa neno, masikio yangu yakiwa nje, yakisikiliza kama njuga za ng'ombe wetu zinaondoka bila mimi. Wenzangu wakaniita Bubu. Mwalimu Tekla, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, aliwakataza, lakini naye hakujua aniingie kwa mlango gani.

Kiangazi kilipokaza, baba akasema tunahamia upande wa ziwa, karibu na Ikola. Mama alimpelekea mwalimu habari hiyo, na jioni ileile mwalimu akaja nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Nilijibanza nyuma ya kihenge.

"Mzee, mwachie mtoto amalize mwaka," alisema. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Anamaliza nini, mwalimu? Kila siku namuuliza umesoma nini, ananyamaza. Kama ni kunyamaza, hata machungani atanyamaza."

"Basi njoo umwone. Mimi lugha yake siijui. Nyie wazazi mkimwacha mlangoni, mimi nafanya kazi nusu."

Baba alicheka kwa pua. Lakini kesho yake alikuja, fimbo begani, mgolole wa vumbi mwilini, akasimama mlangoni akihamisha uzito mguu huu, mguu ule. Hapakuwa na kiti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baba akainama, akaketi kwenye mkeka katikati yetu, magoti yakimfika kidevuni. Watoto walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu akamwomba atuhadithie chochote, kwa lugha yoyote. Baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu, akaanza kwa Kisukuma, kwanza kwa aibu, kisha kwa mikono yote miwili, jinsi tulivyovuka mto uliojaa na ndama mmoja akagoma. Akalia kama ndama. Darasa zima likamtazama, halikuelewa, likaanza kunong'ona. Nikaona uso wake unafifia, mkono ukiitafuta fimbo. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Anasema ndama aliogopa maji," nilisema kwa Kiswahili nilichokuwa nimekiokota pale mkekani. "Baba akambeba shingoni."

Kisha mtoto mmoja akauliza, "Akafika?" Nikamuuliza baba kwa Kisukuma, naye akajibu, nami nikawaambia: alifika, na sasa ana ndama wake mwenyewe. Tuliendelea hivyo hadi uji ukapoa. Mwalimu Tekla alikuwa amegeuka kutazama ubao usioandikwa kitu.

Usiku wazazi wangu walibishana, na asubuhi baba akatoa uamuzi: ng'ombe wataenda na yeye na kaka zangu, mimi na mama tutabaki. Haikuwa rahisi. Mama alilima vibarua kwenye mashamba ya watu, na ng'ombe wengine walifia njiani. Nami sikulala vizuri hata siku moja hadi baba aliporudi na mvua za kwanza. Alipitia shuleni kabla ya kufika nyumbani.

Leo mimi ni mkunga, naishi mjini, Nsemulwa, na mwanangu Emanueli yuko darasa la awali. Shule yake ina ukuta, bembea na kundi la wazazi la simu. Mwalimu akituma picha za kazi zao, najibu kwa alama ya dole gumba nikiwa zamu. Bodaboda humchukua, bodaboda humrudisha. Sihami, ila mbio zangu zimezidi za mchungaji.

Wiki iliyopita baba, ambaye siku hizi anaishi nasi, aliniuliza mwalimu wa mjukuu wake anaitwa nani. Nilianza kujibu, nikagundua silijui jina lake.

"Mimi niliacha ng'ombe nikaja kuketi mkekani kwenu," alisema. "Wewe unaacha nini?"

Alhamisi nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikaenda shuleni kwake. Emanueli aliponiona mlangoni alisimama ghafla, macho yamemtoka, akauliza nani amekufa.