Kumzoeza Neema Mgongo wa Vestine

Siku ya kwanza nilipoingia nyumba ya watoto yatima kule Kamembe, ng'ambo ya mpaka, walionipokea walikuwa hawa. Maman Consolata, mkubwa wa nyumba, ambaye sote tulimwita Directrice. Aliolewa na binamu ya marehemu mume wangu, njo maana nilijulikana pale. Maman Zainabu wa jikoni, mke wa fundi cherehani. Domitila wa kufua, mdogo wake Directrice kwa mama mwingine. Na Neema, ambaye hakuwa ndugu ya muntu yeyote tuliyemjua. Alikuwa hajaota hata jino, yuko ndani ya beseni, analia.

Mimi ni Mama Nabintu wa Bukavu. Kila asubuhi nilivuka daraja na jeto, ile karatasi ndogo ya mpakani, na jioni nilikimbilia kurudi kabla hawajafunga. Nilikuwa benevole, ni kusema mtu wa kujitolea: unakula pale, unapewa sabuni, mshahara hakuna. Shule niliiacha mapema, lakini majina ya watu hayanipotei.

Nilianzia jikoni chini ya Zainabu, kupepeta mchele wa Muganza. Kisha Directrice akanipeleka chumba cha wadogo, akanipa sheria.

"Maman, hapa batoto hababebwe ku mugongo. Umushike ku mikono, umupe biberoni, umulalishe. Akizoea mugongo yako, siku utabakia Bukavu nani atamunyamazisha?"

"Na huyu Neema mwenye kukataa biberoni?"

Akamtazama mbavu zake. "Huyu tu," akasema.

Basi nilimfunga kwa kitenge, nikatembea naye mpaka atulie, nikamshusha, akanyonya ile biberoni, chupa yake ya maziwa. Hivyo ndivyo alivyokua. Mgongo mwingine hakuutaka.

Alipokuwa anatambaa, ikasemwa nyumba itafungwa, kila mtoto apate familia ya kupokea, yaani watu wa kumchukua awe wao kabisa. Asiyepata atapelekwa nyumba nyingine ya mbali. Kwa Neema alikuja Vestine, mkulima wa Nzahaha, aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Kazi ya siku zile iliitwa kuzoeza: mama mpya anashinda pale, anaogesha, analisha, mpaka mtoto amkubali. Neema hakumkubali. Alipiga biberoni mkono, akalia mpaka sauti ikakatika.

Directrice akaniita pembeni. "Kama hakule kwake, siwezi kumuachilia aende."

Nikafanya walivyofanya mama zetu. Kitenge nilichombebea, chenye jasho langu na maziwa yake, nilikikunja nikamwachia Domitila ampe Vestine, mtoto asikie harufu anayoijua. Nikavuka mpaka.

Kesho yake nikasikia kilio tangu barabarani. Vestine amejifunga kitenge kile, kinanukia sabuni, kimepigwa pasi.

"Domitila, ulikifula?"

"Sasa nipatie mugeni kitambaa chafu, Maman? Batatusema Nzahaha yote."

"Umefula kitenge mpaka bibi yake Neema ametoka ndani," Zainabu akasema, akicheka na masufuria yake. Mimi sikuweza kucheka. Lakini ningemlaumu vipi? Kwetu kitu kisichofuliwa hakipewi mgeni.

Directrice akasema siku ile njo ya mwisho ya kujaribu. Nikambeba Neema, nikaenda kwenye kinu, tukatwanga sombe, majani ya muhogo, mimi na Vestine, mchi wangu na mchi wake, pigo kwa pigo. Mtoto akasinzia. Nikamwambia Vestine ageuke, tukaegemezana mgongo kwa mgongo, Zainabu akamtelezesha kutoka kwangu kwenda kwake.

"Usiache kutwanga, mwanangu," nikamnong'oneza. "Akiamka, asikute kimya."

Nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Nilisikiliza mchi wa Vestine tu. Ulisimama, nikashika ukuta. Mtoto akalia kidogo. Mchi ukaanza tena, kisha sikusikia mchi wala kilio.

Directrice akafungua mlango nusu. "Amekunywa biberoni kwake. Usitoke."

Nilipita mlango wa nyuma bila kuaga.

Nyumba ilifungwa, nami nikaacha kazi; magoti hayataki tena daraja. Nzahaha sijafika, maana Neema akiniona anaweza kumkataa mama yake mpya. Ninyi vijana mtakaofanya kazi ya watoto, jueni kwamba kuondoka nako hufundishwa, na hakuna aliyenifundisha.

Majina nadhani nimeyaweka sawa. Mkisoma hapa, Zainabu, na wewe Domitila, mnirekebishe nilipokosea. Nimeandika kwamba alikunywa, lakini kwa macho yangu sikuona. Kama Directrice alisema vile kunituliza tu, na hilo pia mniambie.