Miezi Sita ya Dokta Mkolokosa

Jumatatu asubuhi Dokta Fyness Mkolokosa aliokota bahasha iliyosukumwa chini ya mlango wa ofisi yake, akidhani ni kazi ya mwanafunzi aliyechelewa. Ndani alikuta taarifa ya akaunti yake mwenyewe ya benki, ya miezi sita. Kila mahali alipoilipa kliniki ya magonjwa ya akili palipigwa mstari mwekundu. Hapakuwa na barua wala jina.

Aliufunga mlango, akakaa.

Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha sheria ya mabenki katika chuo kikuu pale Zomba, Malawi. Kilichomwingiza humo ni mteja wake wa kwanza alipokuwa wakili kijana: mwalimu wa shule ya msingi ambaye karani wa benki alimnong'onezea mumewe kuhusu akiba yake. Mwanamke yule alikuja amevunjwa mkono. Fyness alipoiandikia benki, alijibiwa kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Akaacha uwakili, akarudi darasani, akaandika juu ya siri za mteja mpaka wanafunzi wakambandika jina la Mayi Siri, yaani Mama Siri. Siku hizi siri hizo zilikuwa ndani ya simu za watu, na Alhamisi ya wiki ile alitakiwa Lilongwe, mbele ya kamati ya wabunge, kutetea muswada wa kuzilinda.

Alimwonyesha karatasi zile mkuu wa kitivo, Profesa Kanjedza. Mzee yule alizisoma, akazigeuza kifudifudi.

"Dada, omba udhuru kwa kamati. Sema unaumwa."

"Hicho ndicho waliozileta wanachotaka niseme, bwana."

"Wakizitoa magazetini je? Nani atakuletea mwanawe umfundishe?"

Fyness alizikusanya karatasi. Alijua kwamba Kanjedza hakumtisha. Alikuwa anamhurumia, na huruma ile ilimchoma zaidi.

Jumatano alimpigia mama yake kule Thyolo. Mama hakujua lolote kuhusu kliniki. Wakazungumza mvua, wakazungumza bei ya mahindi. Mara tatu neno lilimfika Fyness mdomoni, mara tatu akalimeza.

"Mbona unahema hivyo?" mama aliuliza.

"Nimepanda ngazi, amayi."

Siku ya kamati, mbunge mmoja aliegemea kiti akatabasamu. "Mwalimu, mtu mwema ana nini cha kuficha benki?"

Fyness alitoa karatasi zile za bahasha. Akazitandaza mezani. Kisha akasoma: tarehe, kliniki, kiasi, tarehe, kliniki, kiasi.

"Nina sonona. Natibiwa, na kazi yangu nafanya," alisema. "Hili nilitaka nimwambie mama yangu kwanza. Mtu mwenye ufunguo wa benki ameninyang'anya nafasi hiyo. Mheshimiwa, taarifa yako wewe iko mkononi mwa nani?"

Mbunge hakutabasamu tena.

Alipotoka nje simu ikalia. Mama alikuwa amesikia kwenye redio, jirani zake wakiwa wamekaa naye.

"Nisamehe, amayi."

Alimsikia mama akiwaaga jirani, kisha sauti yake ikarudi.

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Umekula kwanza?"

Hapo ndipo Fyness alipolia, amesimama kwenye maegesho, madereva wakimtazama.

Benki ilichunguza, ikamfukuza karani mmoja. Aliyemtuma hakujulikana kamwe. Muswada ulipita mwaka uliofuata, faini zikiwa zimepunguzwa nusu, na Fyness aliandika makala kali kuhusu nusu hiyo. Wazazi wawili waliomba watoto wao wahamishiwe kwa mwalimu mwingine. Kanjedza, safari hii, aliwakatalia. Mama yake alikuja Zomba na furushi la usipa, dagaa wakavu wa ziwani, akakaa wiki tatu, na kila asubuhi alisimama mlangoni mwa jiko mpaka binti yake amalize uji.