Nilisimama hapo mkwe wangu akikagua kruza ya zamani, sasa najuta

Wakuu, ejok nyote.

Mimi ni mama mzee wa Lodwar, shule sijaingia hata kwa mlango. Naongea na simu, simu ndiyo inaandika. Ikikosea mcheke simu. Lakini haya maneno ni yangu, nimeyaona na haya macho mawili.

Ni juu ya kununua gari kuukuu.

Mimi nauza mbuzi Kakuma. Miaka yote napanda lori za watu, mbuzi wanakanyagwa, na mimi nakanyagwa. Nikachoka. Nikauza ngamia wangu ninunue kruza, ile pikapu, hata kama ni ya zamani.

Nikapata moja hapa mjini. Mwenyewe ni mfanyabiashara, sauti tamu kama chai ya harusi. "Shosh, hii gari ni mzima. Shosh, hii siku ukiiuza utalia." Kila kitu shosh, shosh. Na mimi sikuzaa mama yake.

Sikuenda kama mjinga. Niliita fundi.

Fundi mwenyewe ni Ekal, bwana ya binti yangu Akiru. Huyo anajua gari. Ikipita tu kwa barabara anakuambia inaumwa wapi.

Sasa shida iko hapa. Kwetu mwanaume haangalii mama ya mke wake kwa uso. Halali chini mbele yake, hanyooshi miguu mbele yake. Ni heshima. Ekal akiongea na mimi anaongea na viatu vyake, "mmh... mama... mmh," kama mtu ameficha tumbako kwa shavu.

Akafungua boneti, akaangalia oili, akazungusha usukani, akakanyaga breki. Na mimi nafanya yangu. Nikapiga tairi teke. Nikafungua mlango nikachungulia ndani, kama mdomo wa mbuzi wa sokoni. Nikavuta pua: samaki.

"Shosh, ilikuwa inabeba samaki ya chumvi kutoka Kalokol. Hiyo ni gari ya kazi."

Nikafurahi. Gari ya kazi, kama mimi.

Wakuu, hiyo maji ya chumvi inateremka chini ya gari inakula chuma polepole. Mimi sikujua. Ekal alijua.

Akasimama kando, akaongea na viatu. "Mama... pengine uende kwa kivuli kidogo. Jua ni kali."

Jua? Mimi nimezaliwa ndani ya hii jua. Nilijua anataka niondoke ndio alale chini ya gari. Nilijua kabisa. Lakini nilitaka kuona gari yangu, na wanaume wa stendi walikuwa wamejaa hapo wakingoja maneno yangu.

Nikamwigiza. "'Mmh... mama... jua ni kali.' Fundi gani huyu anaogopa jua?" Wakacheka.

Ekal hakulala. Alichuchumaa, akapitisha mkono chini mpaka pale mkono unafika. Ukatoka mweusi. Akauangalia.

"Mama, huku chini imepakwa rangi juzi."

"Si nilimpambia shosh," muuzaji akasema.

Hapo ningenyamaza tu. Badala yake nikasema, "Hata wewe siku ya kuoa ulipakwa mafuta. Nani aliinama kuangalia chini?"

Wanaume walicheka mpaka mmoja akaketi. Ekal akafuta mkono kwa suruali, akafunga boneti. Angenijibu nini, mimi mama ya mke wake?

Nikanunua.

Safari ya kwanza ya Kakuma, Ekal anaendesha, mimi niko nyuma na mbuzi, kwa sababu siwezi kaa naye kiti moja. Tuliacha lami tukachukue mbuzi wengine kwa boma ya dada yangu. Kuvuka lagga, ule mto wa mchanga, nikasikia kitu chini inasema krrrr, kama mzee anatafuta mahali pa kutema. Gari ikalala upande moja.

Ekal akashuka. Akaongea na viatu.

"Mama, nenda kwa kivuli."

Hii mara nilienda. Nikakaa kwa mti mdogo, nikampa mgongo, nimeshika kamba ya mbuzi. Hapo ndio alilala chini ya ile gari mara ya kwanza.

Aliweka jeki. Jeki ikainua kidogo, halafu ikatoboa chesisi, ile mifupa ya gari. Chuma yote ilikuwa imeoza, imebaki rangi tu. Gari ikashuka juu ya mguu wake.

Mimi naigiza kila mtu, mnanijua. Hiyo sauti siwezi kuigiza.

Watu wa ngamia walikuja mbio, wakainua gari kwa mabega. Tukapata lifti mpaka hospitali. Mguu haikukatwa. Lakini kukunja ni shida, na fundi hawezi kukunja mguu ataingia chini ya gari ya nani?

Nilirudi kwa muuzaji. "Shosh, pole, lakini si ulikuja na fundi wako?"

Na ni kweli. Nilikuja naye.

Wakuu, gari ya zamani mtu alale chini yake kabla hujatoa chochote. Apige chesisi na nyundo, asikie kama inalia chuma ama inalia ugali. Ukiona rangi mpya chini ya gari kuukuu, uliza inaficha nini. Ikinuka samaki, uliza tena.

Lakini somo langu mimi ni fupi. Fundi akikuambia nenda kivuli, nenda. Kunywa chai. Mdomo yako uende nayo.

Mwanzo nikienda kumwona Ekal, Akiru alikuwa ananifungulia mlango naingia, na Ekal anaanza kukunja ile mguu, ati mama amekuja. Jasho inamtoka, anakunja tu.

Siku hizi siingii. Naweka kiti hapa nje kwa ukuta, namwigizia watu wa soko kupitia dirisha. Akicheka, najua amenyoosha.

Ndio niko hapo saa hii. Nyinyi mnajua magari, na nyinyi mko na wakwe, semeni. Nasikiliza simu ikinisomea, lakini kwa sauti ndogo, Ekal amelala.