Neno la Siri la Kabula

Jumamosi, tarehe 12 Aprili. Mvua imenyesha tangu saa tatu asubuhi, ile nene ya kupiga bati mpaka mtu aliyekaa ubavuni mwako humsikii. Naandika haya aibu ikiwa bado ya moto, maana nikilala nayo, kesho nitaanza kujipendelea.

Kosa ni langu. Niseme hilo kwanza, kwa sababu nikishaanza kueleza habari za mitambo mtu anaweza kudhani ni mitambo.

Nina kibanda cha intaneti hapa Bariadi, kompyuta nne (moja haiwaki ila naihesabu), nilizinunua kwa pamba ya shamba letu la Ipililo, maana tangu mambo yawe soko huria kila mtu anauza kitu, na wauza soda niliona wamejaa. Shule nimeishia kidato cha pili, na hicho chenyewe sikukimaliza vizuri. Sasa Jumatano fundi wangu Sayi akanipigia simu kutoka Mwanza, akasema kuna maktaba imetoboka. Nikamjibu kwa mvua hizi si ajabu, wahamishe vitabu. Hakunicheka (ni mtu mstaarabu), akanieleza taratibu kwamba maktaba hiyo ni kipande cha programu, tovuti nyingi duniani zinakitumia kufungia ile kufuli ya siri mtu anapotuma barua. Kompyuta yako inaiuliza ile ya mbali: kama uko hai nirudishie neno "dawa", herufi nne, nayo inarudisha "dawa". Sasa mwizi anasema nirudishie "dawa", herufi mia tano, na ile ya mbali haihesabu, inarudisha "dawa" kisha inaendelea kumwaga chochote kilichokaa jirani kwenye kumbukumbu yake, hata maneno ya siri ya watu wengine. Nilicheka sana. Nikamwambia hata mtoto wa chekechea anahesabu herufi nne.

Sayi akaniambia nisubiri wenye tovuti wazibe tundu kwanza, ndipo wateja wabadili maneno yao. Hilo alinionya, simsingizii. Lakini mimi nikaona nikisubiri nitaonekana sijali watu, basi Alhamisi nikaandika ubaoni BADILI NENO LAKO LA SIRI HAPA, na watu wakaja, na kwa kuwa wote walikuwa wanaogopa kusahau nikasema nitawatunzia kwenye daftari. Nikawa naandika mfululizo, neno la huyu likiisha la yule linaanza palepale, jina la mwenyewe nimelipachika juu kwa penseli, maana nyumbani kwetu daftari moja lilitakiwa limalize mwaka na kuruka mstari kulikuwa na viboko.

Leo saa sita akapiga simu Mwalimu Nkwabi, aliyekuwa amerudi kwao Malampaka. Anaomba nafasi ya chuo na neno aliloniachia Alhamisi amelisahau. Kibanda kilikuwa kimejaa watu waliokimbia mvua, akiwemo katekista aliyekuwa akisubiri matangazo ya kanisa yachapwe, na Mama Masunga. Huyu mama mwanawe Masunga, anayeishi hapa Bariadi, ndiye anayemuoa mdogo wangu Kabula, na alikuwa ametoka Mwanhuzi kuja kupanga siku ya kuleta ng'ombe wa mahari. Ni mama wa dini kweli, mambo ya mabinti kulala nje hataki hata kuyasikia.

Kwa kelele za bati nikaweka simu kwenye spika. Mwalimu akasema nimsomee neno lake, lina maneno matano. Simlaumu, la zamani lilikuwa na matano, ila hili jipya lilikuwa na matatu. Mimi sikuhesabu. Nikaweka kidole kwenye daftari nikapaza sauti: ng'ombe, mweupe, malampaka, masunga, anakoroma. Akaandika, akasema limekataa, nisome tena. Nikasoma tena kwa nguvu zaidi, na mvua nayo ikachagua dakika hiyo kupungua.

"Masunga anakoroma," Mwalimu akasema kwenye spika. "Hilo silo langu, ndugu yangu. Masunga ndiye nani?"

Nikatazama juu ya mstari. Baada ya Nkwabi, penseli ilisema Kabula.

Mama Masunga alilichungulia jina hilo, akaweka mkoba wake chini. "Masunga anakoroma kweli," akasema. "Mimi nimemzaa, nimelala naye chumba kimoja miaka saba. Huyo aliyeandika amejuaje?"

"Mayu, mama yangu, kina Masunga hapa Bariadi ni wengi."

"Wa kukoroma?"

Nikalifunga daftari. Akasema polepole, kama anaongea na mkoba, kwamba ikiwa ni hivyo ng'ombe waendelee tu kula majani Mwanhuzi. Na hapo ndipo Kabula akaingia na mwavuli, anakuja kumchukua mgeni wake, watu wote wakamgeukia, na Mama Masunga akamuuliza bila kuzunguka. Kabula aliliona daftari mkononi mwangu. Bora angenipiga.

"Kanisani, mama," akasema. "Kwenye kwaya sisi sauti ya kwanza tunakaa mbele ya besi. Padre akianza mahubiri, na Masunga nyuma yetu anaanza."

Mama Masunga akamtazama katekista. Katekista akakohoa, akasema ni kweli, yeye mwenyewe ameshamwamsha mara mbili kwa kikapu cha sadaka.

Mama akauokota mkoba wake. "Baba yake alikuwa hivyohivyo," akasema mwishowe. "Ng'ombe watakuja. Wewe, leta mkasi."

Nikakata daftari mbele ya watu, kila mmoja apewe chake, na kwa vile niliandika mfululizo katekista aliondoka na nusu ya neno la muuza mbolea. Sayi naye akapiga alasiri kusema tovuti nyingi hazijazibwa, wote inabidi wabadili tena. Mimi siri ya mtu situnzi tena, hata mtu akiniambia jina la mbuzi wake nitaziba masikio.

Jioni tumekula ugali wa mtama na mlenda wa karanga. Mama Masunga alikula kwetu, akaongezewa mara mbili. Kabula alimpakulia kila mtu, mimi nikajipakulia mwenyewe.