Machimbo ya Yangzhou

Watanzania wa Kilburn, London, na vitongoji vyake wana kanuni isiyoandikwa: anayekwenda Dubai amefuata dhahabu, anayekwenda Uturuki amefuata nguo, na anayekwenda China amefuata kila kilichobaki duniani. Hakuna aliyewahi kwenda China kutembea. Evodius, mkaguzi wa mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Heathrow, ndiye aliyeivunja kanuni hiyo, tena mwaka aliokuwa akigombea uenyekiti wa jumuiya, cheo alichokitamani kuliko alivyokiri.

Alikwenda kwenye mahafali ya mpwa wake Irene, aliyemaliza udaktari katika mji wa Yangzhou. Kabla hajapanda ndege simu ilijaa maagizo. Malak mwenye saluni alitaka mawigi. Hafidh, mpinzani wake katika uchaguzi, alitaka kujua bei ya vigae. Bei tu, ndugu yangu, hakutaka zaidi.

Evodius alijiandaa kwa ghasia, akakuta mji umenyamaza. Mierebi iliinamia ziwa. Wazee walimaliza asubuhi nzima kwa chai na maandazi ya mvuke, bila dalili ya kuchelewa popote. Pikipiki za umeme zilipita kimya kiasi kwamba mtu angeweza kugongwa kwa adabu kabisa. Akaketi kwenye benchi kando ya maji, na hakuna aliyemuuliza anasubiri nini. Mawigi yakamtoka akilini. Alirudi London na begi jepesi na kopo la chai.

Kwa desturi ya jumuiya, aliyesafiri husimama baada ya pilau na kutoa ripoti. Evodius aliandaa hotuba kuhusu utulivu, akiamini itampa uenyekiti. Alieleza mierebi, watu wakaitikia kwa vichwa, wakingoja. Alieleza chai, wakaendelea kungoja. Alipoketi, Malak akauliza kwa upole viwanda viko upande gani wa hilo ziwa.

"Sikuona kiwanda, dada Malak. Nilikaa tu."

"Ulikaa."

"Kwenye benchi."

"Mhaya mzima, kaka Evo, anavuka dunia kwenda kukaa kwenye benchi. Haya, tumekusikia."

Tangu hapo ikajulikana kwamba Evodius amepata machimbo, yaani yale maduka ya bei ya chini ambayo mwenye akili zake hamwonyeshi hata mama mzazi. Anayepekua mizigo ya wenzake, walisema, ndiye anayejua kuficha yake. Alipowaonyesha picha za ziwa, walizikuza kwa vidole wakitafuta mabango ya maduka nyuma ya miti. Kila alipokana, ushahidi uliongezeka. Mkewe Sesilia, nesi aliyemjua tangu hana hata koti la baridi, ndiye peke yake aliyeamini habari za benchi.

Siku ya uchaguzi Evodius alikwishakata tamaa. Hafidh alizungumza vizuri sana, akaahidi uwazi katika kila jambo, na hapo ndipo alipoharibu. Wapiga kura walijiuliza mtu asiye na cha kuficha atawafaa nini. Wakamchagua Evodius.

Hafidh alikuja kumpongeza, akamwinamia sikioni, ila kwa sauti ambayo meza tatu ziliisikia. "Mwenyekiti, mimi si mropokaji. Nitajie mtaa tu."

Evodius alifungua mdomo akane kama kawaida. Akaona ukumbi mzima umetulia, unamtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kupewa katika miaka yake yote ya Uingereza.

"Wakati wake utafika," akasema.

Watu wakapiga makofi.

Kwenye basi la kurudi nyumbani Sesilia alimgeukia.

"Kumbe hata mimi umenificha, Evo?"

Evodius akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba hapakuwa na kitu kule, maji na miti tu, na kwamba lile alilosema ukumbini lilikuwa la siasa. Sesilia alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa wanaodai kuwa wameacha sigara.

"Sawa, mwenyekiti," akasema, akabonyeza kengele ya kushuka, ingawa kituo chao kilikuwa bado mbali.