Kifuniko cha Mashine ya Salfa

Kwenye kopo langu la vifungo, pale ninaposhonea Mkomaindo, kuna kitu kimoja ambacho hakijawahi kushonwa kwenye nguo ya mtu. Ni kifuniko cheusi cha plastiki, cha kuenea kiganja cha mtoto. Kila nikifungua kopo kutafuta kifungo cha shati la mteja, harufu yake hunifikia kabla sijakiona: salfa. Wateja hukunja pua, wakaniuliza kama nimewasha kiberiti. Huwa nawaambia ni dawa ya mende. Leo nimechoka kusingizia mende, kwa hiyo sogeeni niwaambie.

Nilizaliwa Mnyambe, kwenye nyumba ya ukoo wa mama. Kwetu mwanamume ndiye aliyehamia kwa mkewe, watoto wakawa wa ukoo wa mama, na mwenye sauti nyumbani hakuwa baba bali mjomba. Baba yangu alitoka Nanganga, kule barabarani, akaja na jembe na redio yake, akapanda mikorosho kwenye ardhi ya wakwe mpaka ikawa shamba la kutamanisha. Alikuwa mtu wa mizaha. Akipita shambani aliiamkia miti shikamoo, kisha akajiitikia mwenyewe marahaba kwa sauti ya kizee, nami nikacheka mpaka tumbo likaniuma.

Salfa, dawa ya kukinga maua ya mikorosho, hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maua na upepo haujaanza. Baba alijitwika mashine mgongoni, injini ikanguruma, bomba mkononi, na ule unga wa njano ukapanda ukapotelea kwenye matawi. Alirudi nyumbani wa njano mpaka kope, macho mekundu, na sisi watoto tukamkimbia tukidai ni zimwi. Mama, ambaye siku zote alikuwa na sindano amechomeka kifuani kwenye blauzi kwa ajili ya kututoa miiba, alimletea maji ya kunawa na kumgombeza kwa kututisha. Mashine ilikuwa ya mjomba. Mgongo ndio ulikuwa wa baba.

Mwaka nilioanza darasa la kwanza, baba alitamka neno ambalo nadhani ndilo lililomponza. Alimwomba mjomba ampe sehemu ya mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake, iwe yake hata kama mama angetangulia kufa. Maana aliwaona wanaume wengine waliofiwa na wake zao wakirudi makwao na jembe lilelile walilokuja nalo. Mjomba hakukataa. Alisema tutaona. Bibi yangu, mama yake mama, alisikia akaguna, na usiku wa siku hiyo nilimsikia akimwambia mama kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Sikuelewa, kwa sababu sikuona mtu aliyefukuzwa.

Basi maua yakatoka, na mashine ikaanza visa. Baba alijaza petroli, akakaza kifuniko sawasawa kwa kuwa alikuwa mtu makini, akavuta kamba, ikawaka. Mti wa kwanza, wa pili, halafu ikakohoa na kuzima. Akavuta mpaka bega likamvimba, wapi. Akaitua, akafungua kifuniko kuangalia kama petroli imekwisha, akakuta ipo tele. Akafunga, akavuta, ikawaka tena! Miti miwili, kimya. Jua likachomoza, umande ukakauka, na kazi ya asubuhi nzima ikawa miti ya kuhesabika. Huku nyuma maua yakashikwa na ubwiri, ule ukungu mweupe unaoyakausha mpaka yanakuwa meusi kama yameungua.

Mjomba akaipeleka mashine kwa fundi Newala. Fundi akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaiwasha juu ya meza yake tanki likiwa wazi, nayo ikanguruma mpaka watu wakaziba masikio. Akasema mashine haina ugonjwa. Mjomba akalibeba jibu hilo njia nzima, na alipofika Mnyambe lilikuwa limeshageuka: mashine haina ugonjwa, mwenye ugonjwa ni anayeibeba.

Baada ya hapo, kila mtu nyumbani akawa na lake la kukumbuka. Kuku waliokufa. Kisima kilichokauka mapema. Mmoja akakumbuka kwamba redio ya baba iliwahi kuanza kuongea yenyewe, kumbe betri tu zilikuwa zinacheza, lakini nani alitaka kusikia habari za betri? Mtu anayetaka miti ya watu, walisema, akinyimwa ataikausha. Neno uchawi hawakulitamka mbele yetu watoto. Walilizunguka tu, mpaka hata sisi tukalijua.

Asubuhi ya mwisho mjomba alikuja shambani na wakubwa wa ukoo. Mama alikuwepo, nami nilikuwa nimeshika kanga yake. Mashine ilikuwa imezima tena. Baba alifungua kifuniko ili waione petroli, akabaki nacho mkononi.

"Shemeji," mjomba alisema, kwa upole wa kuudhi, "nenda kwenu ukapumzike kidogo. Maua yapone kwanza."

"Mashine haijui shemeji wala mjomba," baba alijibu. "Tuikague wote hapahapa, ndipo niondoke."

Hakuna aliyeinama. Baba akamgeukia mama, na mama akawa anatazama vidole vya miguu yake.  Baba akaja akanishika mkono kuniaga, na aliponiachia, kifuniko kikabaki kiganjani mwangu. Mpaka leo sijui kama alijua. Mimi nilidhani ni zawadi, nikakifumbata.

Alipopotelea kwenye kona ya njia, mjomba akatafuta kifuniko kwenye majani, akakikosa, akasema yule bwana ameondoka nacho kwa roho mbaya. Mimi sikuulizwa. Akaokota gunzi, akalichonga, akaziba tanki kwa gunzi, akajitwika mashine mwenyewe na kuvuta kamba. Ikawaka. Ikapiga mstari mzima. Ikapiga mwingine. Haikuzima mpaka petroli ilipokwisha, na mjomba akarudi wa njano, akicheka. Watu wakatazamana. Nikamwona mama anavyovuta pumzi, na ingawa nilikuwa mdogo, nilijua kwamba ameamini.

Baba hakurudi tena. Aliuza machungwa Nanganga kwa abiria wa mabasi. Nilipokuwa mkubwa nilipita kumsalimia mara chache, naye kila mara aliniuliza hivyo hivyo: miti haijambo? Nikamjibu haijambo, inakusalimia. Alikufa nikiwa nimeshaolewa, na Mnyambe walisema amekufa yule mkausha maua. Mjomba alikufa baadaye, kwa heshima zake zote, na kilio kilijaa watu.

Msimu uliopita nilikwenda Mnyambe kusimamia upulizaji, maana mama amezeeka. Tulimkodi kijana mwenye mashine yake. Miti miwili, mashine ikakohoa, ikazima. Mimi nikarudi nyuma. Yule kijana aliitua tu, akaniuliza, "Mama, una sindano?" Fundi cherehani hakosi. Akazibua kitundu kwenye kifuniko cha tanki, akakipuliza, akavuta kamba, akaendelea na kazi. Baadaye aliniambia, kama anayeniambia nifunge mlango, kwamba salfa ikiziba kile kitundu tanki halipati hewa, na petroli haishuki.

Niliporudi Mkomaindo nilimwaga vifungo vyote mezani. Nikakiinua kile kifuniko dirishani. Hakikupitisha mwanga. Nikaingiza sindano, kikadondoka kipande cha njano, kidogo kuliko punje ya mtama. Gunzi linapitisha hewa. Gunzi! Baba yangu alishindwa na gunzi.

Na msiniambie ningekirudisha mashine ingemzimia mjomba mgongoni na baba angesalimika. Najua, nimeshaliwaza mpaka limenitoa machozi. Lakini mimi nilikuwa mtoto, wao walikuwa watu wazima wenye macho. Zamani nilidhani walishindwa kujua mashine ina nini. Sasa naelewa kwamba hakuna aliyeitazama. Asubuhi ile wote walikuwa wakimtazama baba.

Nilimpelekea mama kifuniko. Alikuwa uani akipukuchua mbaazi. Nikamwekea kiganjani, nikamweleza yote, taratibu, bila kumficha kitu. Alikigeuza, akakinusa.

"Sindano tu?" akaniuliza.

"Sindano tu, mama."

 Niliona tu mkono wake ukipanda kifuani, ukipapasa blauzi, pale alipokuwa akichomeka ya kwake.